Mama Alisema Atarudi Filamu Ikitoka

Castle Vale, Birmingham
24 Novemba 2024

Kaka Maulid,

Assalaam alaykum. Kwanza nijulishe hali ya Mama. Anakula? Mguu umepungua kuvimba? Nisalimie wifi na wanao wote. Sisi huku wazima wa mwili, alhamdulillahi, ila baridi imeingia kwa nguvu. Nawasha hita chumba kimoja tu, tunalala humo wawili, mimi na Asmahan. Kazini, kule kwenye nyumba ya wazee, wamenikubalia zamu za mchana ili mtoto akitoka skuli anikute. Ametimiza miaka minane, jino la mbele limeng'oka, na mwalimu wake anamsifu kwa hesabu.

Utasema Shemsa kaingiwa na nini, zama hizi za simu anaandika barua. Kaka, simu yangu anashinda nayo Asmahan. Sauti unazotuma anazisikiliza kabla yangu. Kiswahili anakielewa chote, ingawa ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, lakini mwandiko wa mkono hawezi kuusoma. Na kuna jengine. Kila nikikupigia ukahisi nataka kulisema lile, unaniambia, "Haya, zungumza na Mama," na simu keshapewa Mama. Karatasi hii utaishika mwenyewe.

Leyla wetu yuko kaburini na mie sijamlilia. Sikiliza nikwambie ilivyokuwa siku ile, maana hukuniuliza. Ulipiga jioni ya tarehe tano. Siku hiyo huku watu hurusha fataki mji mzima, na kutoka ghorofa yetu zinaonekana zote. Asmahan alikuwa dirishani anapiga makofi, mimi jikoni nakaanga samaki. Ukanambia mdogo wetu kafariki, atazikwa asubuhi, na kabla sijavuta pumzi ukaongeza kwamba Asmahan asijue mama yake kafa. Msafiri haambiwi msiba. Ataambiwa akija likizo kubwa, kwao, mbele ya wazee wake. Nikasema sawa, kaka. Nikazima jiko, nikaenda dirishani, nikapiga makofi na mie.

Tangu siku hiyo sijakaa matanga hata saa moja. Samsam, yule shoga yangu wa Perry Barr, alipata habari kutoka Unguja. Nikamwomba asije, yeye wala mwengine yeyote anayejua, kwa sababu wanawake wakianza kuingia na kanga zao kichwani mtoto ataelewa. Wala hujaniambia Leyla alikwendaje. Aliteseka? Alisema nini? Mie ndiye niliyemsindikiza uwanja wa ndege mwezi wa Septemba, madaktari wa huku walipokwisha kusema hawana tena la kufanya. Naona nina haki ya kujua.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Agosti, Leyla akiwa bado anatembea, walisimama kituo cha basi yeye na mwanawe, wakaona tangazo la filamu ya watoto inayokuja, hizi hadithi za malkia na binti mfalme na mchawi, nyimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Leyla akamwahidi: "Filamu hii ikitoka nitakuwa nimerudi. Tutakwenda mimi na wewe na mamkubwa." Unajua alivyokuwa, kuahidi kwake kulikuwa kwepesi kuliko kuchemsha chai. Mtoto kalishika neno hilo. Filamu inatoka Januari. Kila basi likipita na ile picha ubavuni ananivuta mkono, ananiambia mama anakaribia.

Kaka, wewe ndiye baba yetu sasa, na mimi si mtu wa kukuvuka. Baba yake Asmahan yuko Toronto, hata salamu ya Iddi hatumi. Nipe ruhusa nimwambie kabla filamu haijatoka.

Nduguyo,
Shemsa


Kikwajuni, Unguja
15 Desemba 2024

Dada yangu Shemsa,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua yako nimeichukua juzi kwenye sanduku la posta la marehemu baba, imelowa pembeni lakini inasomeka. Mama hajambo kidogo. Anakunywa uji, mkate hautaki. Wifi yako anakusalimu sana. Mvua za vuli zimetupiga, ukuta wa uani umeanguka upande mmoja na wanangu wanausimamisha. Chuoni watoto wa Kurani wameongezeka, wengine sina hata mkeka wa kuwakalisha. Nimekuona kwenye hati yako kama uko mbele yangu. Tangu udogo, ukiandika kwa hasira herufi zako zinalala.

Nimeisoma mara mbili, na jibu langu ni hapana.

Usinione mgumu. Mtoto wa miaka minane, nchi ya watu, skuli ya watu, nani atamshika akianguka? Wewe peke yako, umetoka kazini mgongo unakuuma? Msiba una mahali pake. Hapa kuna bibi yake wa kumpakata, niko mimi, kuna kaburi la kumwonyesha, kuna watoto wenzake wa kucheza naye akichoka kulia. Huko atalia na nani? Au umesahau yako mwenyewe? Baba alipofariki ulikuwa Dar kwenye mitihani, tukakuficha mpaka ukamaliza karatasi ya mwisho. Ukaja, ukalia, ukapoa, na cheti ukapata. Hukufa.

Na hilo la filamu, nalo ni jambo? Mwambie daktari kamzuia mama yake. Mpeleke wewe, mnunulie bisi, acheke, asahau. Watoto husahau upesi kuliko sisi. Na ili moyo wake utulie, simu ya Leyla ninayo mimi, na sauti zake zimo humo nyingi, alizokuwa akiwatumia watu wa nyumbani miaka yote. Nitachagua zile za kheri nikutumie, umsikilizishe kama zimetoka leo.

Umeuliza alikwendaje. Alilala. Yatosha.

Nawaombea dua kila alfajiri, wewe na mtoto. Vaa soksi nzito.

Kakako,
Maulid


Castle Vale, Birmingham
26 Januari 2025

Kaka Maulid,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama, na mwambie Mama ile kanga aliyonipa ndiyo ninayojifunika juu ya blanketi. Huku theluji ilianguka siku mbili kisha ikageuka tope. Asmahan alikuwa na kikohozi, sasa afadhali. Mie mgongo, kama ulivyosema, na sijui nani kakwambia.

Nianze na zile sauti zako. Ya kwanza nilimpa akiwa kitandani. Leyla anasema, "Nawapenda nyote, mie mzima, nala vizuri, inshallah tutaonana karibu." Umeitambua? Ile Leyla alimtumia Mama mwaka juzi, akiwa bado hajaumwa. Alikaa kwenye kiti cha jikoni kwangu akairekodi, na ukisikiliza kwa nyuma linasikika birika langu linachemka. Imesafiri mpaka Unguja, imekaa kwenye simu, imerudi hapa hapa ilipozaliwa kuja kumdanganya mtoto.

Na unajua mtoto kasema nini? Aliisikiliza tena na tena, kisha akaniambia mama hakohoi. Sauti imepata nguvu. Mama anapona. Asubuhi alikwenda skuli akawatangazia wenzake. Amezitoa zile ndara za mama yake za manyoya chini ya kitanda, ameziweka mlangoni. Tangu Septemba kila usiku akishasali anamwombea mama yake apone, nami nakaa nyuma yake naitikia amin. Mwezi wa Novemba nimeitikia, Disemba nimeitikia, na jana nimeitikia. Wewe ni mwalimu wa chuo. Nambie, ulimi wangu una hukumu gani?

Filamu imetoka. Nilimpa ile hadithi yako ya daktari. Akafikiri, akasema basi tungoje likizo fupi ya Februari, kwa sababu mama huenda akawahi, na baada ya hapo wataiondoa sinema. Akataka tukate tiketi tatu. Nimekata tatu, Jumatano ya tarehe kumi na tisa, pale sinema ya Star City.

Jirani yangu wa chini, Bi Gurmit, mama wa Kipunjabi mwenye wajukuu wengi, keshaiona. Akanipandia ngazi kwa makusudi kuja kunipa habari zake, maana anajua tunakwenda. Amesema inachukua muda wa karibu saa mbili, kwa hiyo mtoto aende choo kwanza. Kuna mbwamwitu mwenye kishindo, wadogo wanaziba masikio. Mchawi si wa kutisha, anachekesha. Nyimbo nzuri. Lakini malkia, mama wa yule binti, anakufa mapema, kitandani, mbele ya macho ya watazamaji, watu wa kasri wakiimba. Akanambia, "Kama kuna mtoto aliyefiwa karibuni, aambiwe kabla ya kuingia. Asikutwe na jambo hilo gizani." Hata skuli wametuma ujumbe kwa wazazi wote, maneno hayo hayo. Kisha Bi Gurmit akauliza Leyla anaendeleaje. Nikamwambia anaendelea vizuri, na kesho yake akaniletea tambi za maziwa za kumtakia afya.

Umesema baba alipofariki mlinificha na sikufa. Kweli sikufa. Sasa nikwambie nisilopata kumwambia mtu. Siku mnamzika baba, mie nilikuwa harusini Magomeni, kwa dada wa rafiki yangu. Nimepakwa hina mpaka viwikoni. Nimecheza, nimepiga vigelegele. Wiki ya pili yake nikashuka bandarini kwetu, nikaingia msibani na hina mikononi, na wanawake wote wakaniangalia mikono. Nikaificha chini ya buibui mpaka ikafutika. Cheti nimekipata, kaka, na kimo kabatini. Ile hina bado naiona nikiosha vyombo.

Usimfanyie Asmahan hivyo. Nijibu kabla ya tarehe kumi na tisa. Ukishindwa kuandika nipigie mchana niko kazini, lakini usimpe Mama simu.

Shemsa


Kikwajuni, Unguja
9 Februari 2025

Shemsa,

Salamu. Naandika upesi, kijana anangoja aipeleke posta.

Barua yako niliipata jana. Nilimsomea Mama ile habari ya hina. Sikukusudia kumsomea, nilianza kusoma kwa sauti na nikashindwa kuacha. Mama aliinuka akasali adhuhuri. Kisha akasema, "Mwambieni mtoto wa watu mama yake kafa."

Nimeishika simu nikupigie, mara ya kwanza nikaiweka, mara ya pili nikaiweka. Basi chukua ruhusa hii kwa maandishi.

Mwambie. Mwambie asubuhi, si jioni. Awe ameshiba, umpakate. Mwambie kabla ya sinema.

Maulid


Castle Vale, Birmingham
24 Februari 2025

Kaka Maulid,

Assalaam alaykum. Mama hajambo? Ramadhani imebisha hodi, Mwenyezi Mungu atufikishe. Mie nimeomba ruhusa kazini wiki nzima. Asmahan yuko chumbani, mlango kaufunga, anakula kidogo. Hana homa.

Nilingoja jibu lako mpaka Jumatano asubuhi. Postamani akaleta matangazo ya pitsa. Kazini simu ilikuwa mfukoni siku zote, haikulia. Nikajiambia basi kaka kakataa, na mimi ni mtu wa kutii, mjinga mkubwa mie. Nikamwandaa mtoto kwa mbwamwitu. Nikamwandaa hata kwa malkia, nikamwambia ni mchezo, waigizaji wale wako majumbani mwao wanakunywa chai. Nilimwandaa kwa kila kitu.

Tulipofika akataka kiti cha mama yake kiwe katikati. Akavua koti lake akakitandikia. Mama mmoja mwenye mtoto mdogo akaja akauliza kama kiti kile kina mtu, Asmahan akamjibu kina mtu, mama yangu yuko njiani. Yule mama akanitazama mie. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Malkia akafa. Akafa kama alivyosema Bi Gurmit, kwa wimbo, na shuka jeupe. Ukumbi mzima watoto kimya. Nilikuwa namwangalia Asmahan, si filamu. Hakutikisika. Alikuwa anakula bisi, na akainama juu ya kile kiti akanishika goti, akanambia kwa Kiingereza nisiogope, si kweli. Nikashusha pumzi. Nikasema tumevuka.

Kisha ikaja sehemu ambayo hakuna aliyenitahadharisha, wala Bi Gurmit wala skuli. Mfalme anawaamrisha watu wa kasri wasimwambie binti kwamba mama yake kafa. Asubuhi kijakazi anaingia chumbani kwake, anafungua mapazia, anamkalisha, anamchana nywele. Anaimba wimbo wa kuchekesha, kuhusu vifaranga. Anatabasamu. Mtoto ananung'unika kwamba anaumizwa na kitana, kijakazi anaomba radhi, anaendelea kutabasamu. Ndiyo hivyo tu, dakika mbili, watoto wote ukumbini wanacheka.

Kaka, yule kijakazi alikuwa mimi. Kila asubuhi tangu Novemba, kitana kile kile.

Nilisikia mtu analia, nikageuka kumtafuta. Kumbe sauti inatoka kwangu. Sikulia kwa leso, nililia kilio cha kwetu, cha mtu aliyeona jeneza linatoka mlangoni. Nilimwita Leyla kwa jina. Watu wakageuka, mtu akawasha taa ya simu. Nilitaka kunyamaza na mwili haukunisikia, miezi yote ile ilikuwa inatoka kwa pamoja. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Nilidhani wanasema kilio cha watu wengine.

Asmahan alinitazama. Kisha akakitazama kile kiti. Akalichukua koti lake kutoka kwenye kiti cha mama yake, akalivaa, akafunga zipu mpaka kidevuni.

Tulitoka nje, tukakaa kwenye benchi karibu na mashine za kuchezea. Akaniuliza swali moja tu kwa Kiswahili, na sijui alilitoa wapi, maana Kiswahili hakisemi. "Lini?"

Nikamwambia siku ya fataki.

Akahesabu mwenyewe. Nikaona anavyohesabu. Akasema, sasa kwa Kiingereza, kwamba siku ile alipiga makofi. Na kwamba mie nilipiga naye. Nikamwambia ndiyo. Akauliza ile sauti, kama mama alikuwa amepona kweli. Nikamwambia ile ni ya zamani, ya kabla hajaumwa. Hakulia pale. Kwenye basi alikaa kiti cha mbele yangu, peke yake.

Nyumbani alizichukua zile ndara mlangoni akaniletea mikononi. Usiku alitandika mswala, akasali, akamaliza, akabaki amekaa. Nikakaa nyuma yake kama siku zote. Aligeuka akaniuliza jambo, na nalileta kwako kama lilivyo. Amesema, "Nilikuwa namwombea apone na yeye alikuwa keshakufa. Zile dua zangu zimekwenda wapi?"

Jumamosi nikafungua mlango, kaka, bila kukuuliza. Nimetoa makochi, nimetandika mikeka, nimekaa matanga ya ndugu yangu. Samsam kaja na wanawake wa Perry Barr, wengine wametoka Longbridge kwa mabasi mawili, tumesoma hitima. Nikawaambia pole ya kwanza apewe Asmahan, yeye ndiye mfiwa. Wakawa wanampita mmoja mmoja wanampa mkono. Na kila mmoja Asmahan alimwuliza swali lile lile, kama alikuwa anajua. Samsam akasema ndiyo. Mkono wake hakuupokea. Wa pili akasema ndiyo. Wa tatu vile vile. Wanawake wazima wakawa wanasimama mbele ya mtoto wa miaka minane wakiangalia chini.

Mwisho akaja Bi Gurmit na sufuria la dengu. Alikuwa hajui, maskini, analia machozi ya siku hiyo hiyo. Asmahan alimtazama usoni, akaamini, akajilaza mapajani pake. Ndipo alipolia. Alilia mpaka magharibi, mapajani kwa jirani, na mie mamkubwa wake nimekaa hatua mbili sijui niweke wapi mikono yangu.

Wakiuliza wazazi wa skuli mtu ajue nini kabla ya kumpeleka mtoto kwenye filamu ile, nitawaambia mbwamwitu si kitu. Amalize kwanza kulia yeye mwenyewe, na amwambie mtoto ukweli kabla hajamvisha koti.

Nakungoja umjibu lile la dua.

Shemsa

Nimefungua tena bahasha. Barua yako ya tarehe tisa imeingia mlangoni sasa hivi. Nimeisoma nimesimama. "Mwambie asubuhi, awe ameshiba." Nimeiweka pamoja na cheti.


Kikwajuni, Unguja
14 Machi 2025, mwezi wa Ramadhani

Shemsa dada yangu, na Asmahan mwanangu ambaye utasomewa haya,

Assalaam alaykum. Tunafunga salama. Mama kakatazwa kufunga na anafunga. Ukuta wa uani umesimama.

Watoto nimewafundisha dua zaidi ya miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kuniuliza alichoniuliza Asmahan. Nilianza kuandika lile tunalowajibu watu, kwamba dua haipotei, mja huwekewa akhera. Ni kweli na naliamini. Nikaichana ile karatasi. Mtoto niliyemdanganya hawezi kuridhika na neno la kitabuni kutoka kwangu. Sauti zile nilizichagua mimi na nilizituma mimi, mjomba wake, na mamkubwa alikuwa hataki. Hilo ajue kwanza. Mkono wangu akija asiupokee kama hataki.

Sasa ya pili. Niliandika kwamba Leyla alilala. Hakulala. Wiki ya mwisho aliumwa maumivu ambayo sijapata kuyaona kwa mtu. Alikuwa anapiga kelele, tukamtoa Mama tukampeleka kwa jirani. Alimwita Asmahan, mchana na usiku, jina hilo tu. Dawa ya hospitali ikawa haimtulizi.

Asubuhi ya tarehe tano maumivu yaliondoka. Sisi wenyewe hatukuamini. Akaomba chai ya tangawizi na mkate wa mofa, akala wote. Akaomba achanwe nywele. Wifi yako akamkalisha kwenye kigoda pale uani, akamchana na kumsuka mikia miwili, na Leyla akawa anamsimulia vituko vya Asmahan, lile jino lililokuwa linatikisika, na akacheka. Nilimsikia anacheka nikiwa chuoni, nikaacha kusomesha nikaja kuona. Ilikuwa hivyo mpaka alasiri. Kisha akasema amechoka, akalala kitandani, akanipa mkono, na ukapoa mkononi mwangu.

Sisemi kwamba asubuhi ile ilikuwa dua za mtoto. Sijui. Nimeulizwa zilikwenda wapi, na jibu nililonalo ni hili nililoliona kwa macho yangu. Msomee kama lilivyo, kelele na chai na mikia miwili, usipunguze kitu.

Akiwa na swali jengine, anipigie saa yoyote, hata usiku wa manane wa huku. Simu nimeitoa chumbani kwa Mama, iko mfukoni mwa kanzu yangu. Nitapokea mimi, na sitampa mtu.

Maulid